Sindano, Tope na Mlango wa Mama Véro

Jumapili iliyopita binti mmoja kati yenu, yule anayefuma vitambaa vya kochi hata wakati wenzake wanasoma, aliniuliza swali nikashindwa kulijibu papo hapo. "Mama Salima," alisema, "kufuma kunanila saa zangu zote za kuandika. Niache?" Nikamwambia anywe chai kwanza. Chai ikaisha, mkaaga, mkapanda toleka zenu, zile baiskeli za kubeba abiria, mkaenda, na sikuwa nimejibu. Wiki nzima nimekaa na swali lile. Nimeona niwaandikie nyote, maana najua si yeye peke yake. Yule kijana wa Tshopo anayesuka viti naye ana swali hilohilo, ila yeye ni mtu wa haya.

Kwa wale waliojiunga karibuni, niliandika mchezo wa redio wa mfululizo kwa miaka ishirini na saba hapa Kisangani. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, nusu saa. Niliandika kwa mkono katika madaftari ya shule, karatasi ya kaboni chini, ili waigizaji wawili wasome nakala moja na wawili wengine wasome nyingine iliyofifia. Aliyepewa ile iliyofifia alibuni maneno yake mwenyewe, na mara nyingine yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nyinyi leo mnaandika kwa simu na maneno hayafifii, lakini simu nayo huzimika katikati ya sentensi, kwa hiyo sioni nani amemzidi mwenzake.

Nilifanya makosa mengi. Mwaka wa pili nilimuua mzee mmoja katika hadithi, tukamlilia vizuri, tukamzika. Wiki tisa baadaye nikamfanya abishe hodi kwa mwanawe na kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jumatatu yake sokoni mwuza makayabu, samaki wa chumvi, akaniuliza kwa upole, "Mama Salima, ule muzee alifufuka siku gani? Samedi ile pile za radio yetu ziliisha, hatukusikia." Mkurugenzi wa mchezo wetu, Tonton Bosco, aliniokoa kwa kutangaza kwamba yule alikuwa pacha wa marehemu kutoka Yahuma. Tangu hapo nikaweka daftari dogo la wafu. Nawashauri muwe nalo.

Sasa nije kwenye sindano.

Baba yangu, Papa Idi, alikuwa mshona kofia. Familia yetu ni ya wale Waislamu wa mji ambao mababu zao walikuja na biashara zamani, na katika nyumba za namna hiyo kulikuwa na mtu wa kushona kofia kama ilivyokuwa lazima kuwa na mtu wa kupika. Kofia nzuri haianzi na maua. Inaanza na vitobo. Unatoboa kitambaa cheupe kwa msumari mwembamba, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kinakuwa kama jicho la sisimizi. Vitobo mia kadhaa, vyote sawa. Kimoja kikiwa kikubwa kuliko wenzake, jicho la mtazamaji linaanguka humohumo. Baba akipata kitobo kibaya hakukirekebisha. Alifumua safu nzima, polepole, akinyoosha ule uzi kwa ukucha, na uso wake ulikuwa uleule wa wakati wa kushona. Nilipokuwa mdogo sikuelewa jinsi mtu anavyoweza kuharibu kazi ya siku mbili bila kukunja uso. Nilimtazama kama watu wanavyotazama mto ukijaa.

Nilishona maisha yangu yote. Na nitawaambia faida yake, maana hakuna atakayewaambia. Mtu akikuona na kalamu, anachagua maneno. Akikuona na sindano, anasema. Ukiwa umeinamisha kichwa na mikono ina kazi, yeye anajiona yuko peke yake na wewe uko peke yako, na maneno yanatoka kama yanavyotoka mtu akiwa anasema na kuku wake. Nusu ya watu wangu wa redio walizaliwa barazani kwangu Kabondo, mimi nikiwa nimeshika kofia.

Hasara yake ni kwamba sindano haikatai kamwe. Karatasi inakataa. Ukikaa mbele ya daftari na huna neno, daftari linakutazama. Sindano inakwambia ongeza kitobo kimoja, na ukiongeza unaona umefanya kazi. Kuna mwaka nilishona kofia kumi na moja na kuchelewesha sehemu nne za mchezo. Tonton Bosco alikuja nyumbani kwa toleka, jasho limemlowesha shati, akakuta kofia zimepangwa mezani. Akachukua moja, akaigeuzageuza, akaivaa.

"Mama Salima, hii kofia iko muzuri sana," akasema. "Lakini kofia haisikike ku radio."

Akaondoka nayo kichwani. Hakuirudisha.

Mwaka huohuo ndio ninaotaka kuwasimulia. Mchezo ulikuwa unahusu mwanamke aitwaye Eliza, mwoka mikate, ambaye mumewe alikwenda safari ya biashara ya miezi mitatu akakaa miaka saba. Eliza aliliacha shati la mume wake likining'inia kwenye msumari, na kila baada ya miezi kadhaa alilishusha, akalifua, akalianika, akalirudisha. Mji mzima ulimpenda Eliza. Mabinti walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza kama mume atarudi. Nikamrudisha. Sehemu ile iliisha mume akiwa amesimama nje ya mlango, anabisha, na Eliza ndani amenyamaza.

Hapo ndipo nilipokwama. Sikuweza kuufungua ule mlango. Niliandika Eliza analia, nikachana. Niliandika anamtukana, nikachana. Redio ikarudia sehemu za zamani Jumamosi mbili mfululizo, na Tonton Bosco akaacha kunisalimia kwa jina, akawa ananiuliza tu vipi, "Alors?"

Nikajiambia nimechoka. Nikajiambia ninahitaji hewa ya msitu. Nikavuka mto kwenda Lubunga kwa Mama Véro.

Mama Véro alikuwa mwuza pondu, majani ya muhogo. Kila asubuhi alivuka kwa pirogi na mafungu yake ya majani, akapita mtaani kwetu, na jua likipanda alikaa barazani kwangu kupumzisha miguu. Tulikuwa marafiki wa miaka. Alikuwa amenialika mara nyingi twende kukausha kijito pamoja na wanawake wa kwao, kwa kuwa ni kazi ya wanawake na hufanywa wakati maji ya msituni yamepungua. Nami siku zote nilisema nitakuja. Safari hii nilikuja bila kuitwa.

Alinipokea vizuri. Mume wake, Papa Simon, mtu mrefu wa maneno machache, alinipa kiti chake akaenda kukaa juu ya kinu. Kesho yake alfajiri tukatoka wanawake saba na mabeseni vichwani, tukapita reli, tukaingia njia ya msituni mwendo wa saa nzima hivi.

Kukausha kijito ni hivi. Mnachagua kipande cha maji kisichozidi upana wa chumba, chenye mizizi mingi kingoni. Mnakiziba juu na mnakiziba chini, kwa fito, majani, vigogo vya migomba na tope, tope jingi mno. Kisha mnaingia katikati na mabeseni, mnachota maji na kuyamwaga nje ya ukuta wa chini, mnachota na kumwaga, mpaka kijito kinaisha na samaki wanabaki wazi. Hakuna ndoano wala wavu.

Lakini kabla ya kuziba kuna desturi. Wanawake wale walisema kwamba mtu akiingia kazini na kinyongo, ukuta hautashika. Kwa hiyo walisimama kingoni, na aliyewaongoza, mama mmoja mzee mwenye sauti nzito, akasema, "Mwenye neno aseme." Mmoja akasema jirani yake ameazima beseni tangu mvua zilizopita. Jirani akakubali. Mwingine akasema aliitwa mvivu kanisani mbele za watu. Aliyesema akaomba radhi. Nilikuwa nafurahia, nataka kuwaambia ukweli. Nilikuwa ninakusanya. Kichwani nilishaanza kuandika.

Kisha Véro akasema, "Miye niko na neno. Iko na Salima."

Nikafikiri ni mzaha. Nikamtazama usoni, haukuwa mzaha.

"Ile feuilleton ya Samedi," akasema. "Ile mwanamuke Eliza. Njo miye mwenyewe."

Nikasema, "Véro, nilibadilisha kila kitu."

"Ulibadilisha jina. Mikate ulitia pahali ya pondu. Bwana yangu alienda Barumbu, weye ulimupeleka Yahuma. Bon. Lakini ile shati? Unajua mwanamuke mwingine ku Kisangani mwenye alikuwa anafula shati ya mutu hayuko?"

Nikatazama maji.

"Nilikuambia ile maneno sababu ulikuwa unashona," akaendelea. Hakupaza sauti hata kidogo. "Sikujua kama unaandika na ile sindano. Miezi tano nabeba ii neno. Kila asubui nakaa kwako, nangojea unisemeshe, weye unanipa chai. Sasa umefika ku mulango na haujue kile kilipita nyuma, ju pale njo nilinyamaza. Njo maana umekuja. Ulikuja kuvua samaki, ao ulikuja kunivua miye maneno?"

Wanangu, nimesikia nikisifiwa kwa kazi yangu na nimesikia nikitukanwa kwayo, lakini sijawahi kusomwa hivyo. Kila kitu alichosema kilikuwa kweli, pamoja na kile nilichokuwa nimejifichia mwenyewe. Sikuwa nimekwama kwa uchovu. Nilikuwa nimekwama kwa sababu yeye aliwahi kunisimulia yote, miaka saba, shati, kubisha kwa mlango, halafu siku hiyo akainuka akachukua pondu yake akaenda zake, na hakuirudia hadithi tena. Nilikuwa nimevuka mto kuja kuchukua kilichobaki.

Mama mzee akaniuliza, "Salima, uko na jibu?"

"Iko kweli," nikasema. "Yote. Nimemkosea."

"Bon. Tuzibe."

Ilikuwa hivyo tu. Nilidhani nitafukuzwa, au nitaachwa kingoni na aibu yangu. Badala yake nikapewa beseni, nikawekwa kwenye mstari, na aliyekuwa kando yangu ni Véro. Tuliziba kwa saa mbili na kuchota kwa saa tatu, bega kwa bega, hatusemi. Beseni lake likishuka langu lilipanda. Nikienda polepole yeye alinisubiri, ili maji yasimwagike kati yetu. Mtu aliyetoka kunivua nguo mbele ya watu alikuwa ananipimia mwendo ili nisichoke. Mpaka leo nikifikiria zile saa tatu, nashangaa upya.

Na maji yalipopungua, nikasahau hata aibu.

Sijui niwaambieje. Nimezaliwa kando ya mto, nimevuka mto mara zisizohesabika, na sikuwahi kuona chini. Kwanza ilitokea mizizi, myeusi, imeshikana kama vidole vya watu wanaosali. Kisha majani ya miaka mingi, yamelala tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake. Kisha tope likaanza kupumua. Mahali palipokuwa kimya palianza kutikisika, hapa na pale, kambare wakajikunja, kaa wakakimbia ubavu, samaki wadogo wa rangi ya fedha wakarukaruka kama mvua inayoanguka kwenda juu. Kulikuwa na samaki mmoja mwenye mdomo mrefu ulioinama, sijawahi kumwona sokoni wala popote, akanitazama kwa jicho dogo mno. Yote hayo yalikuwa pale siku zote, chini ya maji ambayo mtu angeweza kuyavuka bila kulowesha magoti. Wanawake waliimba na kuokota, mimi nikasimama nimeshika beseni tupu. Kama nisingekuwa na mama mzee ananiangalia, ningepiga magoti.

"Salima," Véro akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ingiza mukono mule ku shimo. Kambare iko."

Nikaingiza mkono chini ya mzizi. Nikagusa kitu laini. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Kitu kilinipiga kutoka vidoleni hadi bega hadi meno, nikajikuta nimekaa matakoni katikati ya tope, mdomo wazi, mkono si wangu. Alikuwa nina, yule samaki mwenye umeme. Wanawake sita wakacheka mpaka wakashikana. Véro alikuja akichechemea kwa kicheko, akachukua mkono wangu akausugua kwa tope mpaka ukarudi.

"Ona," akasema. "Hata nina anakataa uingie mu nyumba yake bila kupiga hodi."

Nikacheka. Nililia pia, lakini kwa tope lililonijaa usoni haikuonekana.

Jioni tukirudi na samaki vichwani nikamwambia nitausimamisha mchezo. Nitamwambia Bosco hadithi imekatika.

"Hapana," akasema. "Watu wa soko watanipiga, nao hawajue hata ju ya nini. Maliza. Lakini ule mulango iko yangu. Yangu na ya Simon. Weye tafuta mulango yako."

Nilivuka mto nikakaa na maneno hayo siku nne. Sikushika sindano. Sikuandika. Siku ya tano likanijia jambo ambalo sikuwahi kulisimulia wala kuliandika, ingawa nilikuwa mwandishi na ningepaswa kulikumbuka kabla ya la jirani.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, mama yangu aliondoka nyumbani. Alikaa kwa ndugu zake mwaka mmoja na zaidi. Adhuhuri moja nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, nikamwona anaingia uani na furushi lake. Baba alikuwa ameketi mkekani anashona kofia, na nyuzi zake zimetandazwa kushoto kwake. Hakuinua kichwa. Sindano haikusimama. Lakini mkono wake wa kushoto ulizikusanya nyuzi, moja moja, ukazihamishia kulia, kisha yeye mwenyewe akasogea. Pakawa na nafasi mkekani ya mtu mmoja. Mama akasimama kitambo, akaiona, akakaa. Muda ukapita. Akachukua sindano nyingine akaitunga uzi, akampa, kwa kuwa macho ya baba yalishaanza kufifia. Mimi nilisimama na ile ndoo kichwani mpaka shingo ikaniuma, naogopa kwamba nikiitua wataacha.

Safari hii nilipiga hodi. Baba alikuwa ameshafariki, lakini mama alikuwa hai, mzee sana, chumba cha nyuma. Nikamwuliza kama naweza kuitumia siku ile.

"Andika," akasema. "Lakini sababu ya kuondoka kwangu usiiandike."

Sikuiandika. Sikuwa naijua, na mpaka leo siijui.

Basi Eliza alifungua mlango, akarudi kwenye beseni lake la unga, akaendelea kukanda. Mume amesimama. Hakuna anayesema. Kisha Eliza anasogeza beseni upande mmoja wa benchi. Ndiyo yote. Tonton Bosco aliposoma alisema redio haiwezi kurusha beseni linalosogea, watu watadhani mitambo imeharibika. Tukajaribu. Mwigizaji wetu aliburuta beseni la bati juu ya saruji mara ya kwanza, ikawa kelele tupu. Tukaweka gunia chini, ikawa haisikiki. Mwisho alitia mchanga kidogo sana chini ya beseni na kulisogeza kwa vidole viwili, kidogo, akasimama, kidogo tena. Bosco alikuwa amevaa vile visikizio vikubwa. Akavivua, akavitazama kana kwamba kuna mtu ndani, akasema, "Tunaweka hiyo."

Kwa hiyo, binti yangu mfuma vitambaa, jibu langu ni kwamba usiache. Ila usiweke uzi juu ya meza ya kuandikia. Uweke chumba kingine, ili ukiuendea ujue umeinuka. Andika kwanza, angalau ukurasa, hata mbaya. Na mtu akikaa kando yako ukiwa unafuma akaanza kusema, mwache aseme, msikilize kwa moyo wote, lakini kumbuka kwamba anasema na mfumaji. Kama mwandishi naye yuko hapo, mwambie mwenzako yupo. Utakosa hadithi nyingi kwa njia hiyo. Mimi nimezikosa. Zile nilizopewa ndizo ninazoweza kuzisikiliza hadi leo bila kuinama.

Haya niliyoandika hapa kuhusu Mama Véro nilivuka nayo Lubunga juzi, nikamsomea yeye na mume wake mstari kwa mstari. Alirekebisha idadi ya wanawake, mimi nilikuwa nimeandika tisa. Akasema niwape. Nikamwuliza na Jumamosi ile sehemu ya mlango iliporushwa je, niiandike pia, akamtazama Papa Simon, naye akasema, "Andika, iko ya zamani."

Jumamosi ile Véro aliniita nisikilize mchezo kwao. Saa kumi jua lilikuwa bado kali, tukakaa kivulini kwa nyumba. Redio ilikuwa juu ya kinu. Véro alikuwa anapepeta mchele. Papa Simon alikuwa amekaa chini, anasuka mtego wa samaki, fito zimemzunguka. Sikuwa najua kama anajua Eliza ni nani. Véro hakuwa ameniambia, nami sikuuliza.

Mchezo ukaanza. Mume akabisha. Eliza akafungua. Unga ukakandwa muda mrefu kuliko redio yoyote ingekubali, kisha beseni likasogea, kidogo, na kidogo tena, na muziki ukaingia. Ng'ambo ya uzio nikasikia jirani akisema, "Amemupa nafasi."

Papa Simon alikuwa hajaacha kusuka. Akapitisha ufito, akaukaza kwa meno, akasema bila kuinua kichwa, "Iko muzuri. Lakini haikuwa vile."

Ungo wa Véro ukasimama.

"Ilikuwa namna gani, Papa Simon?" nikamwuliza.

"Mwanamuke aliuliza kwanza kama bwana amekula."

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa amekaa palepale na fito zake, akimsikiliza mke wake akifua shati lake kwa miaka saba, jambo ambalo huenda Véro mwenyewe hakuwahi kumwambia.

"Na bwana alisema amekula," Véro akasema, akiutazama ungo. "Ilikuwa uongo. Alilala na njaa. Siku mbili alikuwa hajatia kitu mu kinywa."

"Siku tatu," Papa Simon akasema.

Véro akageuka. "Tatu?"

"Tatu. Kutoka ile siku niliona muji yetu kwa mbali. Nilikaa kule ku beach ya pirogi, naogopa kupanda ku nyumba."

Véro alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani. Kisha akaweka ungo chini, akainuka, akaingia jikoni. Tukasikia mfuniko wa sufuria. Akatoka na sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na kipande kikubwa cha samaki, akaiweka mbele ya mume wake, juu ya fito zake, saa ambayo haikuwa ya kula. Akakaa chini kando yake. Papa Simon akanawa mikono, akaanza kula, polepole, mpaka sahani ikaisha, na mke wake hakuondoa macho kwake mpaka tonge la mwisho.